Chakula Hiki Kinalika?

Mazungumzo ya Bwana Afya na wanafunzi wa sekondari, Masukulu, wilaya ya Rungwe

Wale wa madirisha ya nyuma, kama hamnisikii semeni, nitapaza sauti.

Mwalimu wenu wa Biolojia ameniomba tuzungumze juu ya chakula kilichoharibika. Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye yule ambaye mama lishe wakiniona nakuja, masufuria yote yanafunikwa ghafla. (Kicheko.) Leo sikuja kukagua mtu. Nimekuja na vitu sita, nimeviweka hapa mezani, na kabla sijasema lolote nataka mpige kura.

Hii ni ndizi mbivu, ganda limekuwa jeusi lote. Hili ni parachichi, nalo jeusi, ngozi yake kama ya mamba. Hiki ni kiazi mviringo, upande mmoja kimeanza kuwa kijani. Kikombe hiki kina mtindi. Bakuli hili lina wali uliopikwa jana jioni, mweupe, haujachacha, nusa mwenyewe. Na sahani hii ina mahindi yaliyopukuchuliwa.

Haya, mikono juu. Nani anakula ndizi? Wawili. Parachichi? Watano, na mmoja anasitasita. Kiazi? Wengi. Mtindi? Wengi pia, ila naona kuna dada pale amekunja uso. Wali? Aa, karibu shule nzima, tena bila mchuzi! Mahindi je? Wote. Kuna mmoja hapa mbele amesema, "Hayo mbona safi tu."

Sasa sikilizeni. Ndizi mliyoikataa nitaimenya na kuila hapa hapa mbele yenu. Wali mlioukubali kwa kishindo nitaumwaga nikitoka. Mahindi tutakaa nayo muda mrefu, maana hayo ndiyo yaliyonileta Masukulu.

Ndizi na parachichi hazina maneno mengi. Ndizi ikiiva, wanga wake unageuka sukari, na ganda linazeeka na kuwa jeusi. Ndani ni nzuri, tena tamu kuliko ile ya manjano. Itupe kama inachuruzika maji, inanuka pombe, au kuvu limeshaingia kwenye nyama yake. Parachichi nalo, hasa hili la aina ya Hass linalolimwa sana wilayani kwetu kwa ajili ya kuuza nje, weusi ndiyo kuiva kwake. Lile la kijani la kienyeji ndilo limewazoesha vibaya. Na ukilikata ukaacha nusu, juu linakuwa la kahawia. Hiyo ni hewa tu imeligusa. Kwangua hiyo sehemu, kula.

Mtindi ni maziwa yaliyoganda, na mtu asiyeujua angesema yameoza. Lakini bakteria walioyagandisha wametengeneza asidi, na asidi hiyo inawazuia wadudu wengi wabaya. Tatizo la maziwa mara nyingi liko kwenye yale meupe, laini, yenye povu, yaliyokamuliwa sasa hivi. Maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kubeba kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ule unaoitwa brusela, unaompa binadamu homa zisizokwisha. Yanaonekana vizuri kabisa. Kwa hiyo chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

Kiazi hiki kimekaa juani. Mnaona vile viazi vya upande wa Isongole vinavyopangwa barabarani kwenye ndoo kungoja magari? Vikikaa juani siku nyingi vinaanza kuwa kijani. Ukijani wenyewe hauna ubaya, ni ile rangi ya majani. Lakini mwanga uleule unaoleta ukijani unakifanya kiazi kitengeneze sumu inayoitwa solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Kama ukijani ni kidogo, menya kwa kina, toa na macho yote yaliyochipua. Kama umeenea, au ukionja kina uchungu, tupa.

Tuje kwenye kiporo. Najua hapa nitagombana na watu.

Ndani ya mchele kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus. Anaishi udongoni, kwa hiyo anakuja na mchele tangu shambani, uwe wa Kyela au wa wapi. Anapopikwa hafi wote. Baadhi wanajifungia kwenye kile mnachokiita spora, wanavumilia moto mpaka upite. Sasa wali unabaki kwenye sufuria kubwa, unapoa polepole usiku kucha. Spora zinaamka, bakteria wanazaana, na aina fulani yao inaacha sumu ndani ya wali. Asubuhi mama anaupasha moto kwenye kikaango na kitunguu. Bakteria wanakufa, sumu inabaki palepale, maana hiyo haiogopi moto. Mtu anakula na chai, na ndani ya saa moja hadi sita anaanza kutapika. Wali haukuchacha, haukunuka, haukubadilika rangi.

Naona mkono. Anasema amekula kiporo tangu utotoni na yuko hapa. Ni kweli, na mimi nimekula. Mara nyingi bakteria hawafikii idadi ya kudhuru, hasa huku kwetu kwenye baridi. Lakini usiku wa joto, sufuria kubwa, wali mwingi wa msibani au wa harusini, hapo ndipo watu wanapougua kwa kundi. Kanuni inayotumika duniani kote ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa au kuwekwa kwenye jokofu. Wasio na jokofu, ambao ndio wengi wetu, wapike kinachotosha. Kikibaki kingi, mpe jirani usiku uleule kikiwa moto. Usimpelekee asubuhi.

Na kama siku moja utaletewa chakula cha kopo lililovimba kama mpira, usilifungue hata kulionja. Basi, hilo limekwisha.

Sasa hii sahani, ipitisheni mkononi kwa mkono. Mtu asinimwagie. Tazameni karibu kabisa, geuzeni punje upande wa kiini.

Mmeona? Kwa mbali yalikuwa safi. Kwa karibu kuna punje zilizosinyaa, kuna zenye vumbi la kijani kibichi penye kiini, kuna mbili tatu zenye rangi ya pinki, na kuna zilizotobolewa na wadudu. Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika milima yetu asubuhi na kwa ule unaoota juu ya mkate. Huku Rungwe wa kwanza unamleta wa pili. Sehemu nyingi za wilaya hii zinapata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na tunavuna mahindi wakati bado kuna manyunyu. Tunayarundika jikoni yakiwa mabichi nusu, halafu tunashangaa.

Kuvu wale wanatoa sumu, na wataalamu wetu wameipa jina zuri la Kiswahili: sumukuvu. Ziko aina nyingi. Inayojulikana zaidi ni aflatoksini. Iligunduliwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla, na watu wakadhani ni ugonjwa mpya wa kuambukiza. Baadaye ikaonekana wote walikula mashudu ya karanga zilizotoka Brazili, na karanga zile zilikuwa na kuvu.

Msiseme hayo ni ya bata wa Ulaya. Mwaka 2004 upande wa mashariki ya Kenya, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, mengi ni ya mashamba yao wenyewe. Na mwaka 2016 hapa hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Mwanzoni uliitwa ugonjwa usiojulikana: macho ya njano, kutapika, tumbo kuuma na kujaa maji. Walikuwa wamekula ugali. Mlo wa kila siku, ule ambao hakuna anayeutilia shaka.

Kuvu wa aflatoksini anapenda zaidi joto na mahindi yaliyoteswa na ukame, ndiyo maana maafa haya yalitokea kule na si kwetu. Kwenye baridi na mvua anastawi mwingine, jamii ya Fusarium, yule wa rangi ya pinki na nyeupe mliyemwona kwenye sahani. Sumu yake inaitwa fumonisini. Hii haiangushi mtu kwa siku tatu. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti juu ya watoto wachanga wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, nako ni mlimani kama kwetu. Watoto waliokula fumonisini kupita kiwango kwenye uji wao, walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Sentimita moja kwa mtoto wa mwaka mmoja si kidogo. Na mama yake anaamini anampa uji wa lishe: mahindi, karanga, ulezi, vyote vimesagwa pamoja na hakuna anayeweza tena kuona punje ipi ilikuwa mbaya.

Aflatoksini nayo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini, na hatari inazidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B.

Je, moto hauui? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Pale Tukuyu mjini, kwa sababu ya mwinuko, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu. Aflatoksini inahitaji joto linalozidi nyuzi 200 ili ivunjike. Hakuna ugali unaosongwa kwa joto hilo. Unaua kuvu, humalizi sumu.

Sasa nataka niseme jambo ambalo litawaudhi kidogo, na baadhi ya wazazi wenu wakilisoma litawaudhi pia. Nyumbani wengi mnajua kuchambua. Mama anakaa na ungo, anatoa mabovu, anaweka pembeni. Vizuri. Swali langu ni moja: yale ya pembeni yanakwenda wapi?

(Minong'ono. Mwanafunzi mmoja: "Kwa kuku.") Kwa kuku. Wapi pengine? ("Kwenye komoni.") Haya. Pengine? Mbona kimya? Semeni tu, waalimu hawatawachapa. ("Mchango wa shule.") Ndiyo! Nilikuwa nalingoja hilo. Wazazi wanaombwa debe la mahindi kwa ajili ya chakula cha mchana, na kuna nyumba ambako debe la shule linajazwa na yale ya pembeni. Si kwa ubaya. Mtu anajisemea, yatachanganyika na ya wengine, hayataonekana. Kila nyumba ikijisemea hivyo, makande yenu mnayajua yatakuwa ya namna gani. Ninyi mnaokula ndio mliobeba debe kichwani kuja nalo.

Kuku anakula, anadumaa, anataga kidogo, watu wanasema ni kideri. Komoni inachemshwa na kuchachushwa, lakini sumu haiishi, na mnywaji tayari ini lake lina kazi nyingi. Na kuna mlango wa nne ambao hamkuutaja: pumba. Mahindi yakikobolewa, sumu nyingi inabaki kwenye ganda na kiini, kwa hiyo anayekula sembe anakula sumu pungufu kuliko anayekula dona la mahindi yaleyale. (Sisemi muache dona. Dona la mahindi mazuri ndilo lenye afya. Nasema dona la mahindi mabovu ni baya mara mbili.) Pumba zinakwenda kwa ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani, na huku kwetu nyumba nyingi zinaye. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu inatoka kwenye maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha hakuiondoi. Kwa hiyo mtindi huu niliousifu dakika kumi zilizopita, inategemea yule ng'ombe alikula nini.

Mnaona sasa kwa nini kuangalia sahani peke yake hakutoshi? Ndizi nyeusi unaweza kuihukumu kwa macho na pua. Mahindi, karanga, wali na maziwa, ni lazima uulize yamekaa wapi, muda gani, yakiwa na unyevu kiasi gani. Unyevu ndiyo bosi wa haya yote. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini zote zisizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Si mambo ya makaratasi tu. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo ya sumukuvu, na wafanyabiashara wakakwama na mizigo yao.

Kipimo cha unyevu hamna nyumbani, lakini chumvi mnayo. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, iwe kavu kabisa ndani. Jaza mahindi kiasi cha theluthi. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Nasisitiza kavu, maana chumvi ya huku inalia machozi yenyewe; ikaange kwanza kidogo, iache ipoe. Funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, unaweza kuyaweka. Anika juu ya turubai au kichanja, siyo chini kwenye udongo, na mvua ikija msikimbilie nguo kwanza.

Maswali. Haya, wewe kijana.

Anauliza: mkate ukiota ukungu pembeni, si unakata tu ile sehemu? Hapana. Mkate ni laini, nyuzi za kuvu zinapita ndani usikoona. Karoti au kabichi, vitu vigumu, kata na upitilize mbali na doa. Mkate, wali, uji, maharage, tupa.

Dada wa pale anasema: "Sisi nyumbani mahindi hayatoshi. Tukitupa mabovu tutakula nini?" Mwanangu, hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na siwezi kulijibu kwa kupayuka kwamba afya ni bora kuliko shibe. Nitakwambia ninachojua. Sumu haijagawanyika sawa kwa punje zote. Punje chache mbovu ndizo zinazobeba sehemu kubwa. Ukitoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa, unaondoa sumu nyingi kwa kupoteza chakula kidogo. Katika debe zima labda utatoa vikombe vichache. Kwa hiyo msitupe gunia. Chambueni punje kwa punje. Kama gunia zima linanuka ukungu na limeshikana mabonge, hapo hakuna cha kuchambua, na ni lazima liende, hata kama inauma. Ndiyo maana mnakaushe mapema, kabla halijafika huko. Karanga vilevile: ukiuma ikawa chungu, teme, usimeze kwa aibu.

Wa mwisho, maana kengele imeshalia. Anasema: "Nikimwambia mama kwamba mahindi yake yana sumu, ataona namfundisha kupika." Kweli, na ukienda na maneno hayo utafukuzwa jikoni. Usimwambie yana sumu. Mwambie, "Mama, lete ungo nikuchambulie." Sijaona mama anayekataa hilo. Ukishachambua, uliza mabovu tuyapeleke wapi, na kabla hajataja kuku, chukua jembe. Chimba shimo la kwenda chini kabisa, siyo la kukwangua. Kuku wa Masukulu nawajua, wanafukua.